Minada ya mtandaoni: jina la mpiga dau lifichwe sawa, lakini kwa nini na mwenendo wake ufichwe?

Nyundo_Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa nao wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe ili niandike kitu chenye maana.

Mimi ni mnunuzi wa lensi za kamera za zamani, na karibu zote nazipata kwenye minada ya mtandaoni. Huu ni mwaka wa sita. Mwezi uliopita ilitokea lensi niliyoitafuta kwa muda mrefu. Utaratibu wa mnada ni ule mliouzoea: unauambia mfumo kikomo chako, kikomo kinabaki siri, na mfumo unakupandishia dau kidogo kidogo, kiasi cha kumzidi mshindani wako tu. Nikaweka kikomo cha 400. Nataja tarakimu tupu, fedha yake si hoja. Siku mbili nzima bei ikakaa 210, naongoza mimi.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho akaingia mtu anayeonekana kwa jina r*7, akaunti haina hata muamala mmoja. Historia ya madau niliihifadhi, iko mbele yangu ninapoandika: 220, 240, 260, 290, 320, 350, 385, 410. Madau manane ndani ya dakika nne. Kila alipopiga, mfumo ulinisogeza mimi juu yake, mpaka alipofika 410 akanipita. Dakika sita baadaye madau yake yote yakafutwa, sababu iliyoandikwa: "nilikosea tarakimu". Bei ikarudi 210. Sijakaa vizuri, r*7 karudi na dau moja tu: 395. Mfumo ukanipeleka 400. Hakuonekana tena.

Angalieni alichofanya. Alipanda mpaka akaugusa ukingo wa mfuko wangu, akarudi nyuma, kisha akasimama hatua moja chini ya ukingo huo. Mtu anayetaka lensi hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anayetaka mimi nilipe zaidi, na anayefaidika mimi nikilipa zaidi ni mmoja tu.

Nikawaandikia wenye jukwaa. Wakajibu kwa adabu kwamba hawawezi kutoa taarifa za mpiga dau kwa sababu ya faragha. Lakini jina lake sikuliomba! Nilichouliza ni hiki: akaunti hii imewahi kupiga dau kwa muuzaji mwingine yeyote, au ni kwa huyu huyu tu? Hilo nalo wakasema ni siri. Na hayo majina ya nyota yanabadilishwa kila mnada, kwa hiyo r*7 wa jana anaweza kuwa k*2 wa leo na mimi sina namna ya kujua.

Hapo ndipo ninapotaka tujadili. Kuficha jina la mtu ni jambo moja. Kufuta nyayo zake ni jambo lingine kabisa, na naona majukwaa yanayachanganya haya mawili, kisha mchanganyiko huo unamlinda mtu asiyestahili kulindwa.

---

Mvizia Saa

Pole sana mkuu. Mimi dawa yangu ni moja: sipigi dau mpaka zibaki sekunde nane. Huyo r*7 hawezi kuupima mfuko ambao haujawekwa mezani. Jaribu, utanishukuru.

---

Nyundo_Tatu

Mvizia Saa, nashukuru, na kwa kujilinda uko sahihi. Kuna utafiti unaojulikana wa wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels, uliochapishwa 2002, walilinganisha minada ya eBay na ile ambayo Amazon ilikuwa nayo wakati huo. eBay mnada ulifungwa saa ileile iliyotangazwa. Amazon, dau likiingia dakika kumi za mwisho, muda ulisogezwa mbele. Wakakuta kuvizia, yaani kupiga dau sekunde za mwisho, kumejaa eBay, na Amazon ni kidogo sana. Na mojawapo ya sababu walizotaja ni hii hii yako: anayepiga dau mwisho hampi muuzaji asiye mwaminifu nafasi ya kumpandishia.

Ila ona tunakofikia. Wote tukivizia, unakuwa mnada wa bahasha zilizofungwa: kila mtu anatupa dau moja gizani na mshindi analipa kiasi cha yule wa pili. Mchumi William Vickrey aliandika juu ya mnada wa namna hiyo mwaka 1961, na ndiyo sehemu ya kazi iliyompa Nobel ya uchumi mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya ujanja, unaandika thamani ya kweli unayoipa bidhaa na unalala. Lakini uzuri wote huo umesimama juu ya mguu mmoja: kwamba yule wa pili ni mtu wa kweli. Muuzaji akiweza kumtengeneza wa pili, ukweli ulioandika wewe unageuka kuwa fimbo ya kukuchapia.

---

Dada wa Stempu

Nimesoma yote, na nakuhurumia ndugu yangu. Ila naomba na mimi nisikilizwe, maana kwenye mijadala hii anayetaka kufichwa huonekana ana la kuficha.

Nakusanya stempu kwa zaidi ya miaka ishirini. Zamani majina ya akaunti yalikuwa wazi kwa kila mtu, na mimi nikawa na watu wanaonifuata. Nasema kweli. Kuna mtu alikuwa akifungua orodha ya madau yangu kila siku, na popote nilipoweka dau, ndani ya nusu saa naye yupo. Yeye hakujua kutofautisha stempu ya thamani na karatasi ya kufungia, lakini alijua kwamba mimi najua. Kazi yangu ya miaka, kukaa na kioo cha kukuzia, kuhesabu meno ya pembeni, kuangalia alama ya maji nyuma ya karatasi, alikuwa akiichukua bure kwa kubofya tu. Nikaanza kuwa na akaunti tatu ili nimpoteze. Yaani mimi, mnunuzi mwaminifu, nikajikuta nafanya kama wanavyofanya wadanganyifu.

La pili ni baya zaidi. Nikishindwa mnada, napokea ujumbe: "Mshindi ameshindwa kulipa, wewe ndiye uliyefuata, tuma fedha kwa dau lako." Muuzaji hakuwa ameandika chochote. Ni wezi waliokuwa wakisoma majina ya walioshindwa na kuwaandikia. Mara moja nilibakiza kidole tu nitume.

Kwa hiyo eBay walipoanza kuficha majina kwenye vitu vya bei kubwa, miaka ile ya 2006 na 2007, na wakasema ni kwa sababu ya hao matapeli wa nafasi ya pili, mimi nilipumua. Tafadhali msinirudishe kule.

---

Mtunza Leja

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo nitaongea kama mkaguzi.

Dada, hoja yako ni nzito. Lakini tuangalie kesi mbili ambazo watu walikamatwa, tujiulize walikamatwa kwa nini.

Ya kwanza ni mwezi Mei 2000. Mchoro uliwekwa eBay ukianzia senti 25, maelezo yake yakiwa kama ya mtu asiyejua sanaa, ukapanda mpaka dola 135,805 baada ya watu kuamini ni kazi ya Richard Diebenkorn, mchoraji maarufu wa Marekani. Ikagundulika muuzaji, mwanasheria wa California, amepiga dau kwenye mchoro wake mwenyewe, na wenzake pia. Walikuwa na akaunti zaidi ya 40 wakipandishiana. Mauzo yalifutwa, na mwaka uliofuata wawili walikiri makosa mahakamani. Majina ya akaunti yalikuwa wazi, na watu waliweza kuona nani amezoea kumpandishia nani.

Ya pili naiona ya maana zaidi. SnapNames, kampuni inayopiga mnada majina ya tovuti, mwaka 2009 iliwatangazia wateja wake kwamba mfanyakazi wake amekuwa akipiga dau kwa akaunti iitwayo halvarez tangu 2005, na kwamba dau hizo ziligusa takriban asilimia 5 ya minada yake. Wakaahidi kurudisha tofauti pamoja na riba. Hebu tafakari: huyu hakuwa muuzaji, alikuwa ndani ya nyumba ya mnada yenyewe! Na jina halvarez wanunuzi walikuwa wamelizoea tangu zamani na kulinung'unikia, kwa sababu lilikuwa lile lile kila siku. Halikuwa jina la mtu halisi. Lilikuwa jina bandia tupu. Lakini jina bandia lililodumu.

Lingekuwa lile la nyota linalobadilika kila mnada, nani angemnung'unikia nani?

---

Kibubu

Swali la haraka, hivi kisheria kupandisha dau kwenye kitu chako ni kosa? Mimi nilidhani ni ujanja tu wa soko.

---

Mtunza Leja

Inategemea nchi, ila msingi wake ni wa zamani kuliko intaneti. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya 1979, kifungu cha 57, inasema muuzaji asiyetangaza wazi kwamba amejiwekea haki ya kupiga dau haruhusiwi kupiga, yeye wala mtu wake, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Mwaka 2010 mfanyabiashara mmoja huko alitiwa hatiani kwa kujipandishia madau eBay. Kanuni za biashara za Marekani zinampa mnunuzi uchaguzi: avunje mauzo, au achukue bidhaa kwa dau la mwisho lililopigwa kwa nia njema. Kwa mleta uzi, dau la mwisho la nia njema lilikuwa 210.

Tatizo ni kwamba haki hiyo ina faida kwa anayeweza kuthibitisha. Na ushahidi umefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu anayelipwa asilimia ya bei ya mwisho.

---

Nyundo_Tatu

Hapo ndipo penye jipu. Jukwaa linapata sehemu ya 400, si ya 210. Sisemi wanakula njama, sina ushahidi. Nasema tu kwamba aliyepewa kazi ya kulinda mlango ndiye huyo huyo anayepata zaidi mwizi akipita, na sisi tulio nje tumezibwa macho kwa jina la kutulinda.

---

Fundi wa Mifumo

Wakuu, nimewahi kuandika programu za minada, sitaji wapi. Naomba niongeze upande ambao bado haujaguswa, halafu nitatoa pendekezo.

Majina kuwa wazi *wakati mnada unaendelea* kuna hatari nyingine: wapiga dau wenyewe kula njama dhidi ya muuzaji. Mfano ninaoupenda ni minada ya leseni za masafa ya mawimbi Marekani, 1996 na 1997. Kampuni mbili za simu, US West na McLeod, ziligombania leseni namba 378, ya Rochester, Minnesota. McLeod haikutaka kuachia. Ghafla US West ikaingia kwenye leseni mbili za Iowa ambazo haikuwa na habari nazo, McLeod akiongoza bila mpinzani, ikapiga dola 313,378 na dola 62,378. Soma tarakimu tatu za mwisho. Ni barua: ondoka 378, la sivyo tutakuharibia na huku. McLeod wakaielewa, wakatoka Rochester. Baadaye tume ya mawasiliano ya huko ikawa inawapa washiriki kuchagua kiasi kutoka orodha iliyopangwa tayari ili tarakimu zisiseme, na mnada wa masafa wa 2008 ukaendeshwa bila kuonyesha nani kapiga dau gani mpaka ulipokwisha.

Ujerumani 1999 hata haikuhitajika kuficha ujumbe. Vipande kumi vya masafa, kila dau jipya lazima lizidi la awali kwa asilimia 10. Kampuni ya simu ya Mannesmann ikaanza na marki milioni 18.18 kwa kila megahezi (kipimo cha masafa) kwenye vipande vitano, na milioni 20 kwenye vitano vingine. Ongeza asilimia 10 juu ya 18.18, unapata karibu 20 kamili. Washindani wao, T-Mobil, wakasoma hesabu hiyo kama mwaliko: chukueni hivi vitano kwa 20, sisi tubaki na vile. Raundi mbili, mnada umekwisha.

Kwa hiyo uwazi si dawa ya kumeza tu. Mshirika wa njama anayekiuka makubaliano akionekana papo hapo, njama inakuwa imara zaidi, kwa sababu kila mmoja anamchunga mwenzake. Giza kidogo linawafanya wasalitiane.

Sasa pendekezo. Tatizo la Dada wa Stempu ni kufuatwa *kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine*. Tatizo la Nyundo_Tatu ni mtu anayejirudia *kwa muuzaji yule yule*. Hayo ni maswali mawili tofauti, na programu inaweza kuyatenganisha. Mfumo unachukua akaunti ya mpiga dau na akaunti ya muuzaji, unazichanganya kwa ufunguo wa siri wa jukwaa, unatoa alama moja. Kwa muuzaji huyu wewe utaonekana daima kama, tuseme, "mwamba-41". Leo, kesho, mwakani. Kwa muuzaji mwingine utaonekana "kasia-07", na hakuna wa nje anayeweza kujua kwamba mwamba na kasia ni mtu mmoja. Kazi yake kiufundi ni ndogo.

---

Dada wa Stempu

Subiri nielewe. Yule wa kunifuata angefungua ukurasa wa muuzaji fulani, angeona mwamba-41 amepiga dau mara kumi kwa huyo. Lakini asingeweza kunifuata nikihamia kwa muuzaji mwingine?

---

Fundi wa Mifumo

Ndiyo. Na alama hizo zinaweza kuonyeshwa baada ya mnada kufungwa tu, wakati unaendelea zisionekane kabisa. Hapo hata kwa muuzaji yule yule hawezi kukudandia mgongoni, na njama nazo hazifungwi kwa urahisi. Anayebaki kuonekana ni yule aliyepiga dau kwenye minada thelathini ya muuzaji mmoja na hajawahi kushinda hata mmoja.

---

Dada wa Stempu

Hiyo naikubali. Sikutegemea kusema hivyo nilipoanza kusoma uzi huu.

---

Mvizia Saa

Lakini fundi, mdanganyifu atafungua akaunti mpya kila mnada. r*7 mwenyewe alikuwa na sifuri. Alama itadumu vipi kama akaunti haidumu?

---

Mtunza Leja

Swali zuri, na mimi nilikuwa nalo. Alama isifungwe kwenye akaunti, ifungwe kwenye njia ya malipo iliyothibitishwa. Mtu ana akaunti tano lakini kadi au namba ya malipo ni moja: alama ni moja. Upande wa muuzaji vivyo hivyo, maana naye anaweza kufungua maduka matatu. Haitawazuia wote, ila kutoka kufungua akaunti kwa dakika moja hadi kutafuta jina jingine la mlipaji ni safari, na wengi wataishia njiani.

Halafu kuna lile la kufuta dau. Naona kama mlilipita haraka. Ujanja wote aliofanyiwa mleta uzi ulitegemea kitufe kile. Bila kufuta 410, r*7 angeshinda na muuzaji angebaki na lensi yake na ada ya kulipa. Miaka ile eBay walipoficha majina, kwenye historia ya madau waliacha muhtasari wa siku 30: mpiga dau huyu amepiga madau mangapi, kwa vitu vingapi, asilimia ngapi ya madau yake ni kwa muuzaji huyu, na amefuta mangapi. Hakuna jina hata moja hapo, na mtu mwenye macho anajua kila anachohitaji. Asilimia 100 kwa muuzaji mmoja na madau manane yaliyofutwa: unakunja mkeka wako unaondoka.

---

Kibubu

Nyundo_Tatu, muhtasari huo kwenye jukwaa lako ulikuwepo?

---

Nyundo_Tatu

Haukuwepo. Na nadhani hicho ndicho kilichoniuma kuliko hata fedha. Nilikaa usiku ule natazama madau yanapanda, nikahisi kuna kitu, na sikuwa na namba hata moja ya kuniambia kama nahisi kweli au naota.

Dada wa Stempu, nakiri nilianza uzi huu nikidhani watu wa faragha ni wapinzani wangu. Hukuwa hivyo. Wewe na mimi tumeibiwa na watu wa aina moja, kwa milango tofauti.

Nawaandikia tena wenye jukwaa leo. Rasimu ni fupi, nirekebisheni kabla sijatuma:

"Sihitaji jina la mpiga dau yeyote. Naomba mambo matatu. Mnada ukishafungwa, kila mpiga dau aonyeshwe kwa alama isiyobadilika kwa muuzaji huyo, iliyofungwa kwenye malipo yake yaliyothibitishwa. Pembeni mwa alama, ionekane ni sehemu gani ya madau yake ya siku 30 iliyokwenda kwa muuzaji huyo na mara ngapi amefuta dau. Na mtu akifuta dau baada ya kumpita anayeongoza, asiruhusiwe kurudi kwenye mnada huo."

---

Fundi wa Mifumo

Kwenye la tatu ongeza: kikomo cha anayeongoza kiondolewe pia, na aulizwe upya anataka kuweka kiasi gani. Kimeshaonwa, si siri tena.

---

Nyundo_Tatu

Nimeongeza. Natuma.